Ramani Zifike Mezani kwa Karani

Liko swali moja ambalo huulizwa kila siku katika ofisi za Serikali, nalo ni fupi kuliko maswali yote: Wapi? Shamba hili liko wapi? Bomba la maji limepita wapi? Barabara ya Serikali yaishia wapi, na ua wa mtu waanzia wapi? Mgonjwa huyu alichota maji ya kunywa wapi? Karani aweza kuwa hodari wa kuandika barua na wa kupanga mafaili, walakini akishindwa kulijibu swali hilo, mwananchi hurudi nyumbani mikono mitupu, na kesho yake huja tena.

La kusikitisha ni kwamba mara nyingi jibu limo ndani ya ofisi. Limechorwa kwenye ramani iliyokunjwa kabatini mwa mpima ardhi, au limo katika kompyuta ya mtaalamu mmoja tu, na siku akienda likizo ufunguo huenda naye. Wazee wetu walisema ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twaweza kuongeza neno: daftari lisilosomwa na wale wanaolihitaji ni sawa na daftari lisilokuwapo. Kazi ya kupima na kuchora haijakwisha mpaka karani wa kawaida, ambaye hakusomea upimaji, aweze kuiuliza ramani na kupata jibu akiwa mezani pake.

MAHALI MJI NA SHAMBA VILIPOKUTANA

Tuchukue mfano wa Shirere, wadi mojawapo ya jimbo la Lurambi, pembeni mwa mji wa Kakamega. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579, na eneo lake ni kama kilometa 3,000 za mraba. Yaani watu zaidi ya 600 kwa kila kilometa moja ya mraba. Ardhi haiongezeki, walakini watoto huongezeka. Shamba ambalo babu alililima peke yake limegawiwa wana, na wana nao wamewagawia wana wao. Tena penye mji kuna jambo la pili: mtu anayelima mahindi na maharagwe mwaka huu, mwaka ujao aweza kujenga vyumba vya kupangisha mahali pale pale.

Kwa hiyo kipande kimoja cha nusu eka huwa na mambo katika ofisi nyingi. Ofisi ya ardhi yataka kujua mwenyewe ni nani. Ofisi ya mipango ya mji yataka kuona ramani ya nyumba kabla ya msingi kuchimbwa. Watu wa barabara, wa maji, wa kodi, wa afya na wa kilimo, kila mmoja ana haja yake. Shida ni kwamba kila ofisi ina orodha yake, na kila orodha hukitaja kile kipande kwa jina lake: huku kwa namba ya shamba, kule kwa jina la marehemu baba, kwingine kwa maneno kama "karibu na kanisa, mkono wa kushoto". Makarani hao wote huandika habari za mahali pamoja, na hakuna ajuaye kwamba mwenzake anaandika habari zizo hizo.

RAMANI ZETU ZILITOKA WAPI

Watu wa Kakamega hawakuanza kuona vigingi na ramani jana. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana huko, na wageni wengi wakaja upesi kutia alama zao. Mwaka 1932 sheria ya ardhi za wenyeji ilibadilishwa, hata ardhi ikaweza kutwaliwa kwa ajili ya madini pasipo kutanguliza shauri na wenyeji, wala kuwapa ardhi nyingine badala yake. Basi watu walijifunza mapema kwamba mstari uliochorwa kwenye karatasi waweza kumwondoa mtu shambani mwake. Hofu yao haikuwa ya upumbavu, na ye yote anayetaka kueneza ramani leo yampasa aikumbuke. Mgodi mkubwa wa Rosterman, ulio karibu na mji, uliendelea kufanya kazi hata mwanzoni mwa miaka ya 1950. Penye machimbo ya zamani, mtu anayetaka kujenga yafaa aambiwe mapema ikiwa ardhi iliyo chini ya msingi wake ilipata kuchimbwa.

Ramani za mashamba zina historia nyingine. Mwaka 1954 Mpango wa Swynnerton ulitilia nguvu kazi ya kuunganisha vipande vya mashamba ya Waafrika, kuvipima na kuviandikisha. Sheria ya kuandikisha ardhi za wenyeji ilitungwa mwaka 1959, na Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ikafuata mwaka 1963. Kwa njia hiyo mashamba ya wakulima yaliingia katika rejista, kila moja na namba yake, na kila namba ikaonyeshwa juu ya ramani ya rejista. Sheria ile ya 1963 ilifutwa mwaka 2012, na Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi ikashika mahali pake. Walakini ramani nyingi zilizochorwa zamani zile zingali zinategemewa.

Inafaa msomaji ajue tofauti ya ramani hizi. Ramani za rejista katika sehemu zenye mashamba madogo mara nyingi huchorwa kwa kipimo cha 1 kwa 2,500, maana yake sentimita moja ya karatasi ni mita 25 za ardhi. Eka moja yenye pande sawa ina kama mita 64 kila upande, na juu ya ramani hiyo itakuwa na sentimita mbili na nusu hivi, ukubwa ambao jicho laweza kuusoma vema. Ile ramani ya nchi inayoonyesha milima na mito huchorwa kwa kipimo cha 1 kwa 50,000, na juu yake eka hiyo hiyo ni kama punje moja ya wimbi. Karani akipewa ramani isiyofaa kwa swali lake, atakodoa macho mchana kutwa, wala hatapata kitu.

SAFARI YA MZEE MWENYE WANA WATATU

Tuseme yuko mzee mmoja wa Shirere mwenye eka moja na nusu, naye ataka kuwagawia wanawe watatu angali hai, ili wasije wakagombana baada yake. Nia yake ni njema, na sheria inamruhusu. Kwanza itafanywa sachi katika rejista ili kuhakikisha ya kwamba shamba ni lake na halina deni wala kizuio. Mpima ardhi atachora mpango wa kugawa. Kaunti itaukagua mpango huo kwa sheria ya mipango ya mwaka 2019. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, lazima pia apate kibali cha landi bodi kwa sheria ya mwaka 1967. Kisha itajazwa fomu ya mgawanyo, ile ambayo wengi huiita mutesheni. Ramani ya rejista itarekebishwa. Namba ya zamani itafungwa, na namba tatu mpya zitazaliwa pamoja na hati zake.

Tazama jinsi swali la "wapi" linavyomfuata mzee huyu mlango kwa mlango. Kila mahali lazima karatasi ya ramani itafutwe upya, na kila utafutaji una nauli yake na siku yake. Jambo baya kuliko yote ni kosa kuonekana mwishoni. Mpango umekwisha kuchorwa na fedha zimelipwa, ndipo ionekane kwamba kipande cha kijana wa tatu, kilicho nyuma karibu na mto, hakina njia ya kuingilia. Au ionekane kwamba kile cha mbele kimeingia katika ardhi iliyowekwa kwa ajili ya barabara. Mzee ataanza tena, na wana wataanza kunung'unika.

Sasa tuseme karani wa mlango wa kwanza angaliweza kuliona shamba hilo juu ya ramani moja, pamoja na barabara, mto na bomba la maji. Kwa dakika chache angalimwambia, "Mzee, kabla hujalipa cho chote, mwambie mpima wako akuachie njia upande huu, maana yule wa nyuma atafungiwa." Maneno hayo hayahitaji digrii ya upimaji. Yahitaji macho, adabu, na ramani iliyo wazi mezani.

KUFANYA JAMBO KUWA RAHISI

Wako wadhanio ya kwamba kuweka programu ya ramani katika kila kompyuta kumetosha. Si hivyo. Programu za wataalamu zina vitufe vingi kuliko madirisha ya nyumba, na karani mwenye foleni ya watu nje ya mlango hana nafasi ya kujifunza vyote. Yafaa mambo matano yaangaliwe.

Kwanza, karani aweze kuuliza kwa maneno ya kazi yake. Aandike namba ya shamba, au jina la shule, soko au kijiji, na ramani imwonyeshe mahali penyewe.

Pili, ramani iwe moja. Kila karani akichukua nakala yake na kuihifadhi pembeni, baada ya mwaka mmoja kutakuwa na Shirere nyingi kama walivyo makarani, na hakuna ajuaye ipi ni ya kweli. Ofisi moja itunze, na wengine wote wasome hapo.

Tatu, mambo ya kuonyeshwa yawe machache. Karani wa maji ahitaji mabomba, visima, barabara na mipaka ya mashamba. Ukimwonyesha kila kitu kwa pamoja, hataona hata kimoja.

Nne, kila ramani iwe na tarehe na jina la ofisi yenye dhamana, ili karani ajue habari ni za lini, na aandike kwa nani akiona kosa. Mwenye kusoma apeleke habari za kosa. Asahihishaye awe ni yule mwenye dhamana peke yake.

Tano, karatasi isidharauliwe. Umeme hukatika na intaneti hupotea. Ramani kubwa ya wadi iliyochapwa na kubandikwa ukutani, yenye tarehe, hujibu maswali mengi siku ambayo kompyuta zimezimika.

KAZI YA MTAALAMU HAIONDOKI

Mtu asifikiri ya kwamba kumrahisishia karani ni kumdharau mtaalamu. Kinyume chake, mtaalamu ndiye abebaye uzito ili mwingine atembee mwepesi. Nitatoa mfano mmoja. Ramani za zamani za Kenya zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, lakini simu zetu, zinazopokea habari kutoka setilaiti, hutumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Ukichukua namba za mahali kutoka simuni na kuziweka juu ya ramani ya zamani pasipo kusahihisha, zitahama kiasi cha mita 300. Katika Shirere, mita 300 ni upana wa mashamba karibu matano ya eka moja moja. Kisima cha mtu kitaonekana kiko kwa jirani wa tano. Karani hawezi kulaumiwa kwa kutojua hayo. Yampasa mtaalamu ayasahihishe mara moja, kabla ramani haijafika mezani kwa karani.

Jambo la pili ni mpaka. Sheria ya mwaka 2012 inasema ya kwamba ramani ya rejista huonyesha mpaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo rejista imeandikwa kwamba mpaka umethibitishwa kwa vipimo kamili. Ugomvi wa mpaka hupelekwa kwanza kwa msajili wa ardhi, na mahakama haiusikilizi kabla yeye hajaamua. Basi karani asigeuze kioo cha kompyuta kuwa hakimu. Akiulizwa na majirani wawili ni nani aliyepita mpaka kwa hatua mbili, ajibu kwa upole ya kwamba ramani hii yaonyesha mashamba yalipo, bali haikati shauri la mpaka. Mti wa mpaka uliong'olewa usiku hauwezi kurudishwa na picha ya kompyuta.

La tatu ni siri za watu. Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 yataka ofisi zitumie habari za mtu kwa kazi iliyokusudiwa tu. Mchimba mtaro wa maji ahitaji kujua shamba lilipo na bomba lilipo. Hana haja ya kujua deni la mwenye shamba. Wananchi wakiona ya kwamba ramani yalinda haki zao, hofu ile ya miaka ya dhahabu itapungua.

WENGINE WALIFANYAJE

Kuitumia ramani kwa kazi za kila siku si jambo geni. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi katika mtaa mmoja wa London. Daktari mmoja, John Snow, alitafuta nyumba zilizopata vifo, na ramani aliyoichora ilionyesha vifo vimeizunguka pampu moja ya maji. Orodha ya majina peke yake isingaliweza kuonyesha jambo hilo upesi namna ile.

Karibu nasi, Dar es Salaam mwaka 2015 ilianza kazi iliyoitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wenyeji wa mitaa walipita wakiandika nyumba, njia na mitaro, hasa mahali panapojaa maji wakati wa mvua. Mwenyeji ndiye ajuaye maji yalifika dirisha la nani. Mwanafunzi alileta chombo cha kuandikia, na mwenyeji alileta ujuzi. Huko Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na vijana wa hapo hapo wakafundishwa kuzirusha.

Katika Kenya sheria zenyewe zimefungua mlango. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya mipango, pamoja na upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yataka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya eneo lake wa miaka kumi, uliojengwa juu ya mfumo wa kompyuta wa taarifa za kijiografia. Rejista ya ardhi nayo iko mikononi mwa Serikali ya Taifa, ambayo tarehe 27 Aprili, 2021, ilizindua mfumo wa Ardhisasa, ukianza na Nairobi. Kwa hiyo habari za shamba moja hukaa katika serikali mbili, na karani ndiye mahali zinapokutana. Asipoweza kuziona zote mbili, mwananchi ndiye atakayekuwa mjumbe wa kupeleka karatasi huku na huku.

TUANZE NA KIDOGO

Huenda msomaji akasema ya kwamba mambo haya yataka fedha nyingi. Baadhi yake, ndiyo. Walakini programu ya QGIS, iliyoanza mwaka 2002, hupatikana bila malipo, na simu za kawaida zaweza kuandika mahali kisima kilipo. Mahali pa kuanzia si kaunti nzima. Ni wadi moja na swali moja. Kama swali ni maji, basi visima, chemchemi na mabomba ya Shirere yaandikwe, yakaguliwe na mtaalamu, kisha yafunguliwe kwa makarani wote wanaohusika. Yakisha kuzoeleka, swali la pili lifuate. Mtaalamu na akae siku chache kando ya karani, asikilize maswali ambayo watu huleta dirishani, maana hayo ndiyo yatakayomwonyesha ramani ifanyweje.

Sisi makarani nasi tuna wajibu. Tuandike namba ya shamba katika kila faili linalohusu ardhi, nayo iandikwe kwa namna moja, maana hiyo ndiyo kamba inayofunga habari za ofisi zote pamoja. Tusione haya kuuliza, kwa kuwa kuuliza si ujinga.

Na wewe mkulima, ijue namba ya shamba lako kama uzijuavyo namba za simu za wanao. Iandike mahali pawili, na umwonyeshe mkeo na watoto wako. Kabla ya kugawa, kununua au kujenga, nenda ofisini mapema uombe kuonyeshwa ramani, nawe uulize: njia iko wapi, barabara yaishia wapi, na maji yapita wapi? Maswali hayo yakiulizwa na wengi kila siku, hakuna ofisi itakayoweza kuiacha ramani ikae imekunjwa kabatini.